Wakazi Halali wa Mgongo wa Sili

Mkitusikia kwa mbali mtasema natia chumvi. Semeni tu. Mimi ni mtu wa Jabalini, na sina muda wa kubishana na watu ambao taifa lao hawajawahi kulishika kwa mkono. Sisi la kwetu tunalishika. Tunalilisha, tunalisugua sikukuu zikifika, na likipiga chafya mji mzima unasema "Afya!" kwa sauti moja.

Mambo yalianza siku ya uhuru. Mwasisi wetu alipanda jukwaani akitoka mezani moja kwa moja, na mezani palikuwa na nyama ya kuchoma ya sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya na mapezi. Alipangusa mdomo akasema, kwa sauti ile iliyowatoa wakoloni mbio: "Ndugu zangu, taifa hili ni sili! Ndani lina mafuta, nje linateleza, na hakuna mwanamume wa kulishika mkia!" Watu walipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Wanasheria hawakupiga makofi. Walikuwa wanaandika.

Ndiyo maana kifungu cha kwanza cha katiba yetu kinasema Taifa ni sili, na cha pili kinasema raia ni yule akaaye juu ya Taifa na kula kutokana na Taifa. Cha tatu hakipo. Kilichobaki kilikuwa kumpata sili mwenyewe, akapatikana, dume kubwa lenye masharubu, likapandishwa kwenye jukwaa la saruji katikati ya Uwanja wa Uhuru na kufungwa mnyororo shingoni ili Taifa lisiyumbe. Wakaguzi walipopanda kuangalia ni nani anakaa juu yake na kula kutokana nalo, waliwakuta raia wametulia ndani ya manyoya. Walikuwa chawa.

Si hawa wa kichwani mnaowajua nyinyi. Chawa wa sili ni mnene, ana magamba mwilini na kucha za kung'ang'ania, na anaweza kumaliza maisha yake yote mahali pamoja bila kuulizwa na mtu. Sisi wengine, wenye miguu miwili, tuliingizwa kwenye sheria kwa jina la wapita njia. Babu yangu alikuwa mpita njia, baba yangu vilevile, na mimi nimerithi. Taifa tulilokuwa nalo wakati wa mambo haya lilikuwa la tatu. Mawili ya kwanza yalifia kazini, na raia wakahamishwa kwa brashi laini huku bendi ikipiga.

*

Chawa hawasemi, kwa hiyo kila jimbo lina Msemaji wake bungeni. Lipo jimbo la Shingo, la Ubavu, la Pua, la Kope la Kulia, na lile tajiri kuliko yote, Chini ya Mkia, ambako kuna joto na hakuna anayepita hovyo. Mimi nimeajiriwa na Mheshimiwa Kidawa, Msemaji wa Kope la Kulia. Kazi yangu ni kubeba mto wa mahameli wenye kioo chake cha kukuza, na kumshikia mwavuli anapoinama kuwasikiliza wapiga kura.

Mheshimiwa Kidawa ni mzalendo wa kutolewa mfano. Nakumbuka hotuba yake kuhusu miundombinu.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "wananchi wangu wa kope la juu hawawezi kuwatembelea ndugu zao wa kope la chini. Na kwa nini? Kwa sababu katikati, Mheshimiwa Spika, kuna jicho!"

"Aibu!" Bunge likanguruma.

"Jicho hilo linafumba na kufumbua bila taarifa. Juzi limembana mama mjamzito. Na si hivyo tu. Linatoa maji! Maji ya chumvi, kila siku, tangu Taifa lifungwe mnyororo. Wananchi wangu wanaishi kwenye mafuriko, na serikali ipo, inaangalia!"

Jicho lilishonwa asubuhi iliyofuata. Mshono ule ukaitwa Daraja la Umoja, na Mheshimiwa akaukatia utepe. Taifa lilipiga kelele kutwa. Tuliambiwa ni shangwe, na ukisikiliza kwa nia njema ilikuwa shangwe.

Baharini lilikuwa halirudi kamwe. Daktari Mkuu wa Raia, Dokta Mshindo, alishathibitisha kwamba mayai ya chawa hufa ndani ya maji na kwamba raia huzaana nchi kavu tu. Kwa hiyo Taifa lilikaa juani, ngozi ikipasuka taratibu, na idadi ya raia ikapanda vizuri sana.

*

Taifa lilikula samaki, na sheria ya chakula ilikuwa nyepesi: minofu ya Taifa, vichwa na miiba ya wapita njia. Hatukulalamika. Kichwa cha samaki kina utamu wake ukijua kukifyonza.

Jirani yangu Ngwali ndiye aliyekuwa mpara samaki wa Taifa. Mtu mdogo, mkavu, harufu ya magamba haimtoki hata siku ya sikukuu. Mkewe alishafariki, na duniani hapa alibaki na binti yake Mize basi. Jioni moja Mize alikuwa anafyonza kichwa cha samaki kama sote tunavyofanya, mwiba ukamkwama kooni.

Alimezeshwa tonge la ugali bila kutafuna. Alimezeshwa ndizi mbivu. Akapigwa mgongoni, akainuliwa miguu juu kichwa chini, akaambiwa akohoe. Mwiba ukazidi kuzama. Koo likavimba, hata mate yake mwenyewe akawa anayatema kwenye kitambaa. Shangazi yake, Bi Mwanamvua, alimdondoshea uji kwa kijiko cha chai, na uji ukirudi na damu. Nyumba zetu zimegusana ukuta, kwa hiyo nilikuwa nasikia yote, na usingizi wangu uliharibika sana kipindi kile.

Ngwali akambeba mtoto mpaka Hospitali Kuu ya Raia. Ni hospitali ya kujivunia. Vitanda vyake ni vidogo kuliko ukucha, kila kimoja na shuka lake, na karibu vyote viko wazi, maana raia wetu wana afya.

"Mgonjwa ni chawa?" bawabu akauliza.

"Ni mtoto."

"Mtoto wa chawa?"

"Wa kwangu."

"Basi nyinyi mnapita," bawabu akasema kwa upole, akawaonyesha barabara.

Ngwali hakuondoka. Akakaa chini pale mlangoni na mtoto mapajani mpaka Dokta Mshindo mwenyewe akatoka, kwa kuwa ni mtu asiye na makuu. Akamwambia Mize apanue mdomo, akachungulia.

"Nauona!" akasema kwa furaha. "Umekaa palepale, mweupe, unaonekana bila taabu. Na kibano ninacho hapa mfukoni."

"Basi utoe, dokta, Mungu akuweke."

"Ah, ndugu yangu. Nikiutoa nitakuwa nimemtibu."

"Ndicho ninachoomba."

"Nimtibu mpita njia kwa kibano cha raia? Unanipeleka jela, bwana." Akamfuta Mize mate kidevuni kwa leso yake mwenyewe. "Mtoto mzuri. Ila akiendelea hivi hafiki mbali. Fanya hima uwe raia, halafu mlete."

*

Kamati ya Uraia inaongozwa na Mheshimiwa Kidawa, kwa hiyo nilikuwepo na mto wangu.

"Unakaa juu ya Taifa?" Mheshimiwa akamuuliza Ngwali.

"Nakaa nyuma ya soko, Mheshimiwa. Nimezaliwa hapo."

"Sijakuuliza umezaliwa wapi. Unakaa juu ya Taifa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Unakula kutokana na Taifa?"

"Nakula vichwa vya samaki."

"Hao ni samaki. Unaona unavyotupotezea muda, baba?"

Ngwali akainamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa adabu lakini kwa namna iliyotukera wengi, kama kuna kifungu kinachomkataza mtu kupanda. Kamati ikanong'onezana kwa muda mrefu. Kifungu hicho hakikuwepo. Nilishika tama. Mtu mdogo vile, kuichokonoa katiba mchana kweupe!

Akapanda siku ileile. Alivua kandambili, akazipanga chini ya jukwaa kama mtu anayeingia msikitini, akajilaza kifudifudi mgongoni mwa Taifa, mikono huku na huku. Taifa lilishtuka, likageuza jicho lile moja lililobaki, likamtazama. Lilimfahamu, maana ndiye aliyekuwa analiletea samaki. Likatulia.

Malalamiko yakaanza papo hapo. Msemaji wa Ubavu akasema goti la mwombaji limeingia jimboni kwake bila kibali. Msemaji wa Shingo akapiga kelele kwamba kidevu chake kimewaponda wapiga kura na sasa hajui atachaguliwa na nani. Ngwali aliomba radhi kwa kila jimbo. Akaonyeshwa mahali pa kuweka kidevu, na akaambiwa asigeuke.

"Kukaa umekaa," Mheshimiwa akasema. "Sasa kula."

"Nile nini, Mheshimiwa?"

"Raia wanakula nini?"

Ngwali akaelewa. Akasema hawezi. Akasema amemhudumia mnyama huyu miaka na miaka na hajamfanyia ubaya. Kamati ikamkumbusha kwamba anayeitwa mnyama ni Taifa, na kwamba ni hiari yake. Bi Mwanamvua alikuwa amesimama pale chini na Mize begani. Mtoto alikuwa amekwisha, shingo haijiwezi, kitambaa mdomoni chekundu. Ngwali alimtazama, kisha akaweka mdomo kwenye bega la Taifa.

"Nisamehe," tulimsikia akisema.

Hapo Kamati ikabishana kama raia wa kweli huomba radhi kabla ya kula. Msemaji wa Chini ya Mkia alisema wa kwake hawajawahi. Mheshimiwa Kidawa akaamua lisamehewe kwa mara hii. Ngwali akang'ata. Ilimbidi ang'ate kwa nguvu, maana meno ya mtu hayakuumbiwa kazi ile, akavuta, akameza, akatapika, akaambiwa kilichotapikwa hakihesabiki, akaanza upya. Taifa lilitetemeka lote lakini halikupiga kelele. Nilimwonea huruma sana Mheshimiwa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na mwavuli una tundu.

Alipoapishwa bendi ilipiga wimbo wa taifa, na Ngwali akatangazwa raia wa Jimbo la Mgongo, mwenye haki zote za chawa. Sharti lilikuwa moja. Raia hashuki. Mguu wake ukigusa ardhi, uraia umekwisha.

Mize akaingizwa hospitali saa ileile. Dokta Mshindo alitoa kibano mfukoni, akamwambia aseme aaa, na mwiba ukatoka kabla hajamaliza kusema. Kazi nyepesi kabisa. Dokta aliuosha, akautia kwenye chupa ndogo na kuiweka kabatini, kwa kuwa mwiba ni mali ya mgonjwa na yeye si mwizi. Siku chache baadaye mtoto akanywa uji bakuli zima. Akaenda kwenye dirisha linaloangalia uwanjani, akaita, "Baba! Baba, nimemeza!"

Ngwali aliinua kichwa pale mgongoni, midomo imekauka damu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Msemaji wa Mgongo akalalamikia unyevunyevu.

*

Mngedhani watu wangeridhika. Wapi! Wapita njia wakishaona mmoja kapona hawana aibu tena. Akaja mama mwenye uvimbe shingoni, akaja kipofu akishikwa mkono, wakaja wenye watoto wa homa, wote wamevua viatu, wanauliza foleni ya kupanda inaanzia wapi.

Bunge likaitishwa. "Taifa limejaa!" Wasemaji wote wakasema, na kwa mara ya kwanza Ubavu na Shingo wakakumbatiana. Lakini Ngwali alikuwa amepita kwenye katiba, na katiba haiguswi. Ndipo Mheshimiwa Kidawa akaja na wazo lililoniliza kwa fahari. Akapendekeza Zoezi la Uhakiki wa Raia.

Dokta Mshindo aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza kuwa chawa halisi wa sili haogopi bahari. Taifa likizama, yeye hufunga matundu yake ya pumzi, hukaza kucha, na hushuka nalo mpaka kwenye giza na baridi ya kina kirefu, kisha hurudi nalo juu akiwa mzima.

"Na mayai?" mtu akauliza.

"Mayai yote yatakufa."

"Mayai hayapigi kura," Mheshimiwa akasema, na hoja ikapita.

Alikwenda mwenyewe kumjulisha Ngwali, kwa heshima, mimi nikiwa nyuma na mwavuli. "Ndugu raia, kesho tunakwenda baharini kuhakikiwa. Hulazimishwi. Unaweza kushuka sasa hivi."

"Nikishuka?"

"Ukishuka si raia, na tutachukulia hukuwahi kuwa. Kilichotolewa kwa haki ya raia kitarudishwa kilikotoka."

Ngwali alimkodolea macho kama hajaelewa. Halafu akaelewa, nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Kule kooni?" akauliza.

"Mimi si daktari," Mheshimiwa akasema.

Ngwali akakitegemeza kidevu chake palepale alipoonyeshwa, asimponde mtu.

*

Mji mzima ulihamia ufukweni. Wasemaji waliwekewa viti vya kitambaa, bendi ikapanga mistari, na Mize akaletwa na shangazi yake akiwa na gauni jipya, kama mtoto wa raia. Taifa lilikuwa haliwezi tena kujikokota, likaburutwa kwenye mkokoteni, Ngwali juu yake. Mnyororo ulifunguliwa. Ngwali aliomba aachiwe kipande cha kushikia, akajibiwa kwamba chawa hashiki mnyororo.

"Baba, shuka!" Mize akaita. Sauti yake ilikuwa imerudi safi kabisa.

"Naoga kidogo tu, mama," Ngwali akajibu. "Nenda na shangazi ukanywe uji."

Nadhani aliamini Taifa halina nguvu, kwamba litajilaza palepale kwenye maji ya magotini. Hata mimi niliamini hivyo. Maji yalipoligusa kidevu likapanua pua. Kisha likapiga pezi mara moja, na ule mzigo tuliokuwa tunausukuma kwa mkokoteni ukatuponyoka mbele ya macho yetu, mwepesi, mrefu, na wa kutisha. Sikuwahi kujua Taifa letu linaweza kwenda hivyo. Tuliona mgongo, tukaona miguu ya Ngwali imenyooka nyuma, halafu bahari ikafunga.

Bendi ilipiga wimbo wa kwanza, ikapiga wa pili. Mize alikuwa anashusha pumzi kubwa kubwa, kana kwamba anamvutia baba yake.

Ngwali aliibuka. Aliibuka peke yake, kifudifudi, na viganja vyake vilikuwa vimefumbata manyoya.

Taifa halikuibuka. Serikali ilitoa taarifa kwamba limekwenda ziara ya kikazi kwenye kina kirefu, likifuatana na raia wote, na kwamba hali ni shwari. Wasemaji sasa hukutana ufukweni, kila mmoja anaweka sikio kwenye maji, na vikao vinaendelea bila kukosa. Juzi Mheshimiwa Kidawa amesema wapiga kura wake wameridhika.

Kamati ya Uraia ilikaa siku ileile ya uhakiki, palepale mchangani, maiti ikiwa haijakauka. Msemaji wa Ubavu alijaribu kusema kwamba manyoya ni sehemu ya Taifa, na marehemu amekutwa nayo mkononi, kwa hiyo alikuwa bado analishikilia. Akaambiwa akae. Ikathibitishwa kuwa Ngwali hakuwa raia, tena tangu mwanzo.

Asubuhi yake Dokta Mshindo alishusha ile chupa kabatini. Bi Mwanamvua alikuwa ameanguka sakafuni, ameshika miguu ya dokta.

"Dokta, nakuomba kwa mama aliyekuzaa. Yatima huyu! Jana tu kamzika baba yake!"

"Bi Mwanamvua, hata mimi nina watoto," dokta akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, sisingizii. "Lakini nikiubakiza huu nitakuwa nimekaa na mali ya mtu."

Mize alikuwa na bakuli mikononi. Dokta akamwacha kwanza amalize uji, na akamsubiri bila kumharakisha. Kisha akaomba taa isogezwe, kwa sababu alikumbuka vizuri kwamba mwiba ulikaa upande wa kushoto, ncha ikielekea chini, na hapendi kazi ya kubabaisha.

"Panua mdomo, mwanangu. Sema aaa."

Mize alimtazama shangazi yake, akanitazama mimi, akapanua. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe, kwa kuwa amenizoea. Mtoto ana adabu yule. Hakumng'ata mtu. Aliambiwa aseme aaa, akasema, mpaka ilipomshinda.